Sifa za Nywila ya Kiwandani

Watu wengi husifu kufuli. Mimi leo naisifu nywila ya kiwandani, ile ambayo seva na programu za ofisi huja nayo kutoka kwa mtengenezaji. Wengi huidharau kwa ufupi wake, admin kwa admin, wakasahau fadhila zake.

Kwanza, ina ukoo. Zamani kanzidata ya Oracle ilikuja na akaunti ya mfano iliyoitwa scott, kwa heshima ya Bruce Scott, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo wa kampuni hiyo. Nywila yake ilikuwa tiger, jina la paka wa nyumbani kwake. Miaka nenda rudi, hesabu za makampuni makubwa zimelala nyumba moja na paka huyo. Ni paka gani mwingine aliyewahi kukabidhiwa mali nyingi hivyo bila kukamata panya hata mmoja?

Tena ni mkweli. Akaunti kuu ya kanzidata hiyohiyo, SYS, ilikuja na nywila change_on_install, yaani "nibadilishe ukishanisakinisha". Mtumishi gani huleta barua ya kuacha kazi siku ya kwanza, mwajiri akaisoma, akambakiza miaka kumi?

Ukarimu wake ndio usiseme. Nywila uliyoitunga mwenyewe inakujua wewe tu. Hii inamjua kila mtu, kwa kuwa imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, na kitabu kiko intaneti. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtungi huu una kata dunia nzima. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilipita ikibisha hodi kwenye kamera na ruta, mkononi ikiwa na orodha ya nywila za aina hii zaidi ya 60 tu. Ikakaribishwa. Vifaa hivyo vikageuzwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba vikaishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti. Kwa saa kadhaa Wamarekani wengi hawakuipata Twitter wala Netflix. Hakuna kitasa kilichovunjwa.

Na ofisini huleta amani. Fundi akihama, hana cha kukabidhi. Mkandarasi akija usiku wa manane, hampigii mtu simu. Ukithubutu kuibadilisha, ripoti ya mwisho wa mwezi inakwama, maana kuna skripti ya zamani yenye nywila hiyo tumboni, na aliyeiandika keshastaafu. Basi kila mwaka mkaguzi anaandika "ibadilishwe", meneja anaandika "imepokelewa", nayo inaendelea na kazi.

Maadui haikosi. Nchini Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, ni marufuku kumuuzia mwananchi kifaa cha intaneti chenye nywila moja ya wote. Bahati nzuri sheria hiyo inahusu vifaa vya nyumbani. Seva yako ya mishahara haikuguswa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi leo, kabla hujafunga ofisi, jaribu kuingia kwenye seva yako kwa nywila iliyokuja nayo. Ikikufungulia, ishukuru kwa utumishi wake, iandikie barua ya kustaafu, kisha ufungue kumbukumbu za uingiaji uhesabu wageni waliokutangulia.