Namna ya Kugonga kwa Helmeti na Bado Ukalala Usingizi

Beki wangu wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, sogea karibu, haya tunaambizana wenyewe. Umesikia kwamba siku hizi video inachunguza nani kamgonga nani kichwani, na roho imekuruka. Itulize. Fuata hatua hizi.

1. Mjue wa kumwogopa. Tangu 2018, ukiinamisha kichwa ukamvaa mwenzako kwa helmeti, timu yako inapoteza yadi 15, na wewe unaweza kutolewa nje. Lakini wa kuiona faulo hiyo ni mwamuzi, aliye na nusu sekunde na mgongo wa mtu mnene mbele ya macho yake. Simama upande wa huo mgongo. Kazi imekwisha nusu.

2. Ipende video. Mwaka 2025 wenye timu walikubaliana kwamba waamuzi wa marudio ya video waruhusiwe kusaidia katika faulo kadhaa, mojawapo ikiwa ni kumgonga kichwani mchezaji asiyeweza kujikinga. Wenzako wakaanza kutetemeka, kwa kuwa hawakusoma mpaka mwisho. Video imepewa ruhusa ya kukiondoa kitambaa cha njano cha faulo kilichotupwa kimakosa. Kisichotupwa, haina ruhusa ya kukitupa! Kamera zikuone kutoka kila pembe, kwa mwendo wa kinyonga, helmeti yako ikiwa imezama kwenye kidevu cha mtu: maadamu kitambaa kimebaki kiunoni mwa refa, wewe ni raia mwema. Waliotunga utaratibu huu walikufikiria sana, na ustaarabu unataka uwashukuru.

3. Kitambaa kikitupwa, shika bega. Usibishe, usimtukane mama wa mtu. Lipapase bega taratibu, kwa uchungu, kila mtu aone kwamba ndilo lililotangulia. Kama lilitangulia kweli, marudio yataonyesha na kitambaa kitaokotwa. Kama halikutangulia, angalau mashabiki wa nyumbani watakuwa na la kupigia kelele wiki nzima.

4. Msome Nickell Robey-Coleman, beki wa Rams. Januari 2019, New Orleans, Rams na Saints wanagombea nafasi ya kucheza Super Bowl, fainali ya ligi, 20 kwa 20, zimebaki chini ya dakika mbili. Pasi inakwenda kwa Tommylee Lewis wa Saints. Robey-Coleman anafika kabla ya mpira, anamzoa, helmeti kwa helmeti. Uwanja mzima unangoja kitambaa. Hakuna. Rams wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza, na mwenyewe alipoulizwa hakuficha kwamba aliwahi mno. Baadaye ligi ikamtoza dola 26,739 kwa kosa la helmeti. Piga hesabu taratibu: tikiti ya Super Bowl kwa timu nzima, kwa bei ya gari la kawaida. Kilio kilikuwa kikubwa hata msimu wa 2019 makocha wakaruhusiwa kuomba video kwa kosa la kumzuia mdaka pasi. Utaratibu ukaleta vurugu, ukaachwa baada ya msimu mmoja. Na kichwa cha Lewis? Hakikuwa hata sehemu ya mageuzi hayo.

5. Usizoee. Beki Vontaze Burfict alizoea kugonga vichwa, na mwaka huohuo wa 2019 akafungiwa mechi 12 zote zilizobaki za msimu. Mchezo huu unataka kiasi.

6. Kuhusu ubongo, uwe na jibu moja tu: "Usalama wa wachezaji kwanza." Akitajwa Bennet Omalu, daktari Mnigeria aliyeupasua ubongo wa mchezaji mstaafu Mike Webster kule Pittsburgh na kukuta maradhi ya kugongwa kichwani ambayo ligi haikutaka kuyasikia, kubali kwa kichwa na utazame saa. Maradhi hayo hayathibitishwi mpaka mtu afe, na marudio yanahusu mchezo uliopita tu, kwa hiyo una nafasi ya kutosha.

7. Faini ikija, ipokee kwa moyo mkunjufu. Fedha hizo hupelekwa kwenye mifuko ya hisani, ikiwamo ya kuwasaidia wachezaji wastaafu walio na shida. Yaani unamgonga mtu leo, kisha unamchangia uzeeni. Wangapi wana ukarimu wa namna hiyo? Lakini kata rufaa kwanza.