Heko kwa Udongo Mweusi wa Athi

Udongo mwekundu una wapambe wa kutosha. Kahawa ya Kiambu ina waimbaji wake, chai ya Limuru ina wake, na dalali wa Karen akitamka "udongo mwekundu" hukohoa kidogo kama mtu anayetaja cheo cha baba yake. Udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti haujapata hata mpambe mmoja. Kuanzia Embakasi, ukapita Syokimau na Mlolongo, hadi Athi River, Kitengela na mbele kuelekea Konza, wanaoukanyaga humtaja Mungu mara nyingi, ila si kwa kumshukuru. Dhuluma hii imedumu mno. Nimejitolea kuusifu, tena bila malipo, maana udongo wenyewe haujawahi kumlipa mtu kwa wakati.

Tuanze na ukarimu. Mgeni akija mwezi wa Aprili mikono mitupu, haondoki mitupu. Hatua ya kwanza anapewa donge kwenye kila kiatu. Ya pili, lingine linaongezwa juu ya la kwanza. Kufikia ya kumi amerefuka kwa inchi mbili tatu na anatembea kwa madaha ambayo hajawahi kuwa nayo. Akiikataa takrima hiyo na kuuvuta mguu kwa nguvu, udongo hubaki na kiatu na kumwachilia soksi. Magari hupokelewa vizuri zaidi. Bodaboda hulazwa, gari dogo hukaribishwa ndani hadi kwenye ekseli, na kwa kuwa mwenye trekta hulipwa ili alivute, na vijana hulipwa ili wasukume, na mama wa chai huuzia wote wanaosubiri, kijiji kizima hupata riziki. Serikali baada ya serikali imetangaza mipango ya ajira kwa vijana. Udongo huu huajiri kila masika bila kuitisha hata kitambulisho.

Siri iko katika umbile lake. Wataalamu huuweka kwenye kundi la vertisoli, na sharti la kuingia humo ni mfinyanzi usiopungua asilimia 30. Tena si mfinyanzi wowote. Ni wa jamii ya montmorilonaiti, ambao chembe zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na maji huingia katikati ya tabaka hizo na kuzitanua. Mvua ikinyesha, udongo huvimba. Jua likiwaka, hunywea na kupasuka nyufa zinazoweza kushuka zaidi ya nusu mita, na mbuzi mdogo asiyeangalia anaweza kuvunjika mguu humo.

Nyufa hizo ndizo huufanya ujilime wenyewe. Kiangazi vipande vya juu huporomoka ndani yake. Masika yakifika, udongo wa chini hulowa, huvimba, hukosa nafasi kwa sababu nyufa zimekwisha kujazwa, basi husukuma pembeni na juu. Ukichimba shimo utakuta sehemu za ndani zinang'aa, udongo umejisugua wenyewe kwa wenyewe hadi ukapata mng'aro. Juu, nguzo za ua huinama, mawe huibuka, na uwanja uliosawazishwa mwaka juzi huota vinundu na vibonde. Trekta lingehitaji dizeli kwa kazi hiyo. Hapa hufanywa bure, ingawa mwenye shamba haulizwi anataka palimwe lini.

Lakini sifa inayonigusa kuliko zote ni uaminifu wake katika kutunza mali. Mtu akiuona ule weusi hudhani ni samadi tupu. Sivyo. Mboji yake kwa kawaida haifiki hata asilimia 3. Kiasi hicho kidogo kimeshikamana na mfinyanzi kiasi cha kuutia rangi wote. Utajiri wake uko kwingine. Huko chini mna vinundu vyeupe vya chokaa, na bwana shamba akidondosha asidi juu yake hutoa povu papo hapo. Chokaa hiyo haikuja kwa bahati. Chini ya nyanda hizi kuna mwamba wa volkano usiopitisha maji vizuri, ardhi ni tambarare, mvua ni haba. Kalsiamu iliyotoka kwenye miamba haikupata maji ya kuiosha na kuipeleka Bahari Hindi, ikaganda hapo hapo. Basi udongo umekuwa wa alkali, na katika alkali hiyo fosforasi, chuma na zinki hukamatwa na kufungiwa. Vimo. Maabara itakuonyesha kwamba vimo. Mmea ndio hauvipati. Mahindi husimama juu ya ghala lililojaa huku majani yakigeuka manjano kwa njaa. Maji nayo ni vivyo hivyo: mfinyanzi huu hushika maji mengi kuliko kichanga, kisha sehemu kubwa yake hukataa kuyaachilia hata mmea unaponyauka. Nimeona hazina za umma zikikabidhiwa watu walioapa wakiwa wameshika kitabu kitakatifu, na hakuna hata moja iliyobaki salama kiasi hiki.

Wajenzi ndio wanaoujua undani wake. Ukinunua ploti Kitengela, mhandisi mwaminifu atakuambia uondoe udongo wote mweusi hadi ufike kwenye mwamba au moramu ngumu, kisha ununue moramu ya kujazia. Kwa maneno mengine: umelipia ardhi, sasa ulipe lori liihamishe, halafu ununue ardhi nyingine uilete ilipokuwa ya kwanza. Njia nyingine, itumikayo zaidi barabarani, ni kuuchanganya na chokaa iliyochomwa ili uache kuvimba. Udongo una chokaa tumboni, na dawa yake ni kuongezewa chokaa! Anayekwepa gharama hizo hupata nyumba yenye uhai. Mlango unaofungika vizuri Agosti hugoma Aprili. Ufa huanza kwenye kona ya dirisha na kupanda ngazi kwa ngazi, ukifuata maungio ya matofali, na fundi aliyeujaza kwa plasta hukaribishwa tena mwaka unaofuata, na mwingine, hadi anakuwa karibu mtu wa familia.

Hapo, lazima nikiri kwa niaba ya mteja wangu, kuna upendeleo kidogo. Jengo zito la ghorofa nyingi, lililosimama juu ya nguzo zilizoshuka hadi mwambani, haulisumbui. Nguvu zake huzionyesha kwa kibanda cha vyumba viwili, ukuta wa ua na njia ya miguu, kwa sababu ni vyepesi na huinuka ukivimba. Labda ni tabia uliyojifunza kwa kukaa karibu na mji.

Na mji wenyewe haungekuwa ulivyo bila huo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wajenzi wake waliona uwanda tambarare wenye maji karibu, wakaweka karakana. Wamaasai walikuwa wamepitisha ng'ombe hapo muda mrefu bila kusimamisha kitu kizito, jambo ambalo lingeweza kuwa fununu kwa mhandisi mwenye masikio. Maji yakatuama. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo madaktari waliopendekeza mji uhamishwe, lakini haukuhamishwa. Waliohama ni Wazungu, wakapanda kwenye matuta ya udongo mwekundu upande wa magharibi. Waafrika wakatengewa mashariki, kwenye mweusi. Ukiweka ramani ya ubaguzi wa zamani juu ya ramani ya udongo, mistari yake inakaribia kulingana. Kisha ikaja hali ya hatari ya miaka ya 1950, na mahabusu wa Mau Mau wakatumwa kuushughulikia udongo huu kwa mikono: kwenye uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, na kwenye mifereji ya skimu ya mpunga ya Mwea. Anayetua Nairobi leo akasifu barabara ya ndege ilivyonyooka hajui ametua juu ya jasho la nani. Kwa hilo sina mzaha.

Mwea ndipo udongo mweusi hatimaye ulipokutana na zao linaloelewana nao. Mpunga hauogopi maji kutuama, na mfinyanzi ukilowa vizuri hauyapitishi kwenda chini, kwa hiyo jaruba hukaa limejaa na pishori hunenepa. Wasukuma wa Tanzania walilijua jambo hilo kwenye mbuga zao za udongo mweusi bila skimu ya mtu. Na kwenye nyanda za juu za Ethiopia wakulima wana ujanja ninaoupenda zaidi: huuacha udongo unywe mvua yote, wakae kando, kisha mvua zinapoelekea kwisha wapande dengu, ambazo hukua kwa unyevu ulioachwa ardhini. Hawashindani nao. Mkulima wa Athi anayetaka mahindi mwezi wa Machi kwa sababu binamu yake wa Limuru amepanda Machi hana budi kushindana. Asubuhi ni tope lisilotoka kwenye jembe. Akisubiri likauke, siku chache baadaye ni tofali. Kati ya tope na tofali kuna muda mfupi ambao udongo hulimika, na kwa kawaida huangukia siku ya mazishi ya mtu mnayemfahamu nyote.

Mimea ya porini haina harusi wala mazishi ya kuhudhuria, ndiyo maana inauweza. Kuna mgunga mfupi wenye miiba na vinundu vyeusi vilivyo na matundu, upepo ukipita hupiga mluzi. Kwenye udongo mweusi hutawala peke yake kwa eneo kubwa. Ndani ya vinundu hukaa sisimizi wadogo wakali, na tembo, mnyama asiyeomba ruhusa kwa mtu, huupita mti huo mbali.

Imebaki sifa ya mwisho, nayo ni kutunza siri. Safari za kuonyesha ploti hufanywa kiangazi. Mnunuzi hufika Februari kwa gari dogo, chini ni pagumu, twiga anaonekana kwa mbali, na vigingi vyeupe vimenyooka kwa sababu vilipigwa juzi. Udongo haumwambii neno. Mnunuzi mdadisi akikuta ufa, akatia fimbo na fimbo ikazama hadi mkononi, dalali humwambia hilo ni shimo la panya. Hatua kumi mbele kuna lingine, na lingine, hadi kwenye upeo wa macho, na bei ni ile ile.