Namna ya Kuwa Kocha Mkubwa Ukianzia Igalula

Ukocha Igalula hauombwi, unapewa. Ni siku yako ya tatu kazini, mngurumo wa treni iliyokushusha stesheni na godoro lako bado umo masikioni, na bado unaulizia chumba cha kupanga. Mkuu wa shule anakuita ofisini, anakutazama miguu kabla ya uso, halafu anasema: "Mwalimu, wewe si bado kijana? Shika michezo." Basi, umeteuliwa. Posho hakuna, ila filimbi ipo, imo kwenye droo pamoja na vipande vya chaki, na kigololi chake cha ndani kilishapotea.

Kuanzia hapo fuata mwongozo huu.

1. Chora uwanja

Chokaa ni ya siku mgeni rasmi anapokuja. Siku nyingine zote mistari ni majivu ya jikoni ya shule. Yaache yapoe kwanza. Wengi wamejifunza hilo kwa gharama ya viatu. Toboa kopo, jaza, tembea kinyumenyume ukitikisa. Ukifika katikati, geuka uangalie: ng'ombe wa jirani wameshafuta kona mbili. Milingoti ni miti ya miombo iliyokatwa kwa panga, na wavu hakuna, kwa hiyo bao la pembeni huamuliwa kwa kelele. Wenye kelele nyingi ndio waliofunga.

2. Jifunze kuhesabu miaka

Kwa shule za msingi kuna UMITASHUMTA, kwa sekondari UMISSETA, na mashindano yote mawili yana adui mmoja: mamluki. Ukiwa naye wewe, ni kipaji. Akiwa naye mwenzako, ni kijeba, na lazima ukate rufaa. Mchezaji mwenye ndevu azinyoe nyumbani, asizinyolee kambini. Na kijana ambaye mmoja wa watoto wanaoshangilia anamwita "baba", huyo mwanzishe kipindi cha pili.

Ukivuka kata, jiandae kwa safari. Makao makuu ya wilaya yako, Uyui, yako Isikizya, upande wa barabara ya Nzega, na wilaya yenyewe imeizunguka Manispaa ya Tabora kama kata ya kubebea mtungi. Kwa hiyo kutoka Igalula, ili ufike wilayani kwako, unakatiza wilaya ya watu, wachezaji wakiwa wamesimama nyuma ya lori na vumbi la njia nzima limeshawavalisha jezi za rangi moja. Mwaka 2022 mashindano ya taifa ya shule yalifanyika Tabora mjini. Kama mwaka huo timu yako iliishia kwenye kata, usiutaje kwenye wasifu wako.

3. Kusanya herufi

Hakuna anayekuamini bila karatasi. Leseni za CAF, zinazotolewa kwa kozi za TFF, zinaanzia D, zinapanda C, B, hadi A; mwalimu aliyezoea kusahihisha mitihani atazielewa upesi. Unaweza pia kwenda Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, mkoani Mwanza, ukasome ufundishaji wa michezo kwa utulivu. Ila kila herufi ina ada yake. Gunia la karanga litakufikisha D. C itamaliza asali ya mizinga yote. B itaondoka na mbuzi. Ukiitaka A, hakikisha umeoa mwenye duka.

4. Shinda kombe la mwanasiasa

Hufanyika karibu na uchaguzi. Zawadi ni mbuzi, mpira, na seti ya jezi zenye picha ya aliyezitoa. Mbuzi ataliwa siku hiyohiyo, mpira utapasuka mwezi ujao, picha itabaki miaka mitano.

5. Iheshimu kamati ya ufundi

Usidanganywe na jina. Haihusiki na pasi wala mfumo. Ni wazee watatu wenye kifurushi, na bajeti yao hupita kabla ya bajeti ya maji ya kunywa. Watakuambia timu isipite getini, iruke ukuta. Uwanja wako hauna ukuta wala geti, kwa hiyo hapa umepona. Mkishinda, ni wao. Mkifungwa, ni wewe.

6. Fika Ligi Kuu, na fungasha mapema

Sasa uko Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora mjini, na una masomo mawili ya kukariri. La kwanza: Agosti 2023 Tabora United ilikwenda Chamazi kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane tu kwa matatizo ya usajili. Baada ya kama robo saa wakawa wamepungua chini ya saba, mchezo ukavunjika, Azam ikiongoza 4–0. Hakuna leseni yenye somo la kupanga kikosi cha watu sita.

La pili: Novemba 7, 2024, Tabora United hiyohiyo ikaifunga Yanga 3–1, palepale Chamazi. Haikupita hata wiki mbili, kocha Miguel Gamondi, aliyeipa Yanga ubingwa msimu uliotangulia, hana kazi. Mwaka mmoja mbele, Novemba 2025, akakabidhiwa Taifa Stars. Kufukuzwa, kumbe, nako ni cheo. Timu yenyewe siku hizi inaitwa TRA United, hivyo ukipewa mkono wa kwaheri, angalau dai risiti.

Kariri na maneno ya baada ya mechi: vijana wamepambana, mpira una matokeo matatu, tunarudi uwanja wa mazoezi. Yanafaa kwa bao moja na yanafaa kwa saba.

7. Jua unachobeba

Njia hii ya Tabora ni ya zamani. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu za watu wengine hadi Bagamoyo, wiki kwa wiki, na kijana asiyefika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Kocha naye hubeba visivyo vyake: bao ni la mshambuliaji, kombe ni la mwenyekiti. Mzigo wake mwenyewe ni kipigo. Wachache hujua pa kuutulia. Marehemu Joel Bendera, aliyekuwa kwenye benchi la ufundi Taifa Stars ilipokwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980, baadaye alikuwa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa. Mkuu wa mkoa hafungwi.

Na siku ukifika juu kabisa, msikilize nahodha wako akihojiwa baada ya mechi. Atafuta jasho na kusema: "Tulifuata maelekezo ya mwalimu." Mwalimu! Miaka ishirini, herufi nne, mbuzi wa familia, ili uitwe jina ulilokuwa nalo siku ya tatu Igalula. Tofauti ni moja. Mwalimu wa Igalula akifungwa 3–1, Jumatatu yuko kazini kama kawaida. Ataingia ofisini, aweke filimbi mezani, aombe michezo apewe mwingine. Mkuu wa shule ataitazama ile filimbi, ataisogeza taratibu kwa kidole hadi upande wake, na kumuuliza kama majivu ya kesho yamekwisha kupoa.