Barua ya Wazi kwa Kamati za Mafunzo ya Watumishi Vyuoni

Waheshimiwa Wajumbe,

YAH: SHUKRANI KWA KUTUEPUSHA NA MAFUNZO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wasaidizi wa maktaba za vyuo, tunaokaa dawati la mbele huku Tabora, tunawashukuru kwa kutukinga na adha ya kusoma.

Chuo cha ukutubi, SLADS, kiko Bagamoyo. Babu zetu Wanyamwezi walikwenda huko kwa miguu, miezi kadhaa, na pembe za ndovu begani. Ninyi mmeona huruma, mkaamua kusafiri kwa niaba yetu. Semina ya Koha, programu ya kuendeshea maktaba, alikwenda mkuu wa kitengo aliyebakiza miezi sita kustaafu, mhasibu akamsindikiza, dereva akarudi na cheti. Dawati likaletewa begi lenye nembo.

Juzi mwanafunzi alitaka makala kuhusu nyuki wa miombo. Mkoa wa asali huu, swali lake halali. Mpango wa AGORA, ulioanzishwa mwaka 2003 na FAO na washirika wake, unavifungulia vyuo vya nchi kama yetu majarida ya kilimo bure. Tukawasha kompyuta, ukurasa ukafunguka, ukadai nywila. Nywila anayo mkuu, na mkuu yuko Arusha kwenye warsha ya kuhamasisha matumizi ya majarida ya kielektroniki. Tukampa mwanafunzi kitabu cha ufugaji nyuki kilichonyofolewa kurasa za malkia.

Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walibeba vipembe vidogo begani tangu utotoni. Misafara ile haikuwa na kamati, lakini ilijua kuwa wa kufundishwa ni yule atakayebeba mzigo.

Ombi letu ni dogo. Semina aende anayehudumia wasomaji. Naye akirudi, marejesho ya masurufu yake yasipokelewe mpaka awe amewafundisha wenzake, tena mbele ya kompyuta iliyowashwa.

Tunajua suala hili litahitaji kikao. Tunapendekeza mkalijadilie Bagamoyo: hoteli za ufukweni zipo, na chuo cha ukutubi hakiko mbali, mkipata nafasi ya kupita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wasaidizi wa Maktaba,
Dawati la Mbele, Tabora

Nakala: Jalada la maombi ya mafunzo (bado lina nafasi)