Namna ya Kufeli Darasa la Azonto kwa Heshima Zote

Uko London, baridi imekubana, na kwenye ukumbi wa mtaa wamebandika tangazo: staili za mtaani za Afrika Magharibi, kila Alhamisi, wote karibuni. Ukiingia tu, macho yote kwako. Si wewe ndiye Mwafrika? Usianze kuwaeleza umbali wa kutoka Temeke hadi Accra. Tabasamu, kisha fuata hatua hizi.

1. Vaa taulo begani. Mwenye taulo huonekana ametoka kucheza, na aliyetoka kucheza ana haki ya kupumzika.

2. Simama safu ya pili, nyuma ya mtu mrefu. Usiende nyuma kabisa: walimu hawa wana tabia ya kusema "geukeni", na ghafla wa mwisho ndiye kiongozi.

3. Omba azonto. Ilitoka kwa vijana wa pwani ya Accra, mitaa kama James Town na Chorkor, na kufikia 2012 hata Fuse ODG, kijana wa Kighana wa London hiyo hiyo, alikuwa anaivumisha kwa "Antenna". Goti linaingia na kutoka, mguu unajizungusha kwa ncha ya kiatu, uso umetulia kama hakuna kinachoendelea huko chini. Mikono ndiyo inayosimulia: unafua, unapiga pasi, unaendesha gari, unarusha ngumi. Umeona uzuri wake? Hakuna kosa lisiloweza kuitwa kazi. Mdundo umekupotea? Unatafuta funguo. Umemgonga jirani? Kondakta huyo, anapanga abiria. Umeganda kabisa? Mlinzi, zamu ya usiku.

4. Ikipigwa zanku, shika leso. Hii ni ya Lagos, rapa Zlatan aliivumisha 2018: miguu inapokezana kukanyaga chini, leso iko hewani, mwisho mguu unarushwa mbele kama wa mtu anayevunja mlango. Hayo ya katikati achana nayo. Wewe peperusha leso kwa bidii, watu watafuata leso, halafu toa teke la mwisho kwa wakati. Nasema kwa wakati! Ukiwahi, utampiga yule mrefu wa mbele, na yeye ndiye maficho yako.

5. Coupé-décalé ndiyo mteremko. Vijana wa Ivory Coast waliizindua kwenye kumbi za starehe za Paris mwanzoni mwa miaka ya 2000, Douk Saga akiwa kinara: suti kali, sigara nene, noti zinamwagwa hadharani. Kwa hiyo miguu si lazima sana. Tembea kwa madaha, rekebisha kola, tazama saa, rusha noti. Kumbuka tu ilipoangukia.

6. Ukizidiwa kabisa, ingiza mduara, ule ule wa shangazi zako harusini. Ukiulizwa, sema ni mtindo wa zamani. Singeli usithubutu, kwa kasi yake utamaliza wimbo wakati wenzako bado wako kwenye ubeti wa kwanza.

7. Sasa hatari yenyewe. Kila darasa lina mama mmoja wa Kumasi, Ghana, aliyemleta mjukuu. Amekaa pembeni na koti lake, hachezi, anatafuna karanga, na macho yake hayabanduki miguuni kwako. Huyo humdanganyi, kwa hiyo usimkwepe. Mwendee, msalimie kwa adabu, mwite anti, kisha uliza kwa sauti ukumbi mzima usikie: "Anti, nimepatia?" Hatakuumbua mbele za watu. Atacheka mpaka karanga zimpalie, na darasa zima litaamini umekubaliwa na wenye ngoma yao.

8. Wametangaza onyesho la Jumamosi mbele ya mtaa mzima? Jitolee kulinda spika. Wakiuliza kwa nini huchezi, kila mchezaji mkongwe ana goti bovu. Lako lianze kuuma Ijumaa.