Dakika Nne za Saa ya Marehemu Baba

Basi la Mtwara lilituacha kwa dakika nne. Mama mkwe wangu akakaa juu ya kiroba chake cha korosho pale stendi ya Tandahimba, hanisemeshi. Alikuwa anawahi arobaini ya dada yake, na ni mimi niliyemwambia, "Mama, usiwe na haraka, saa ya ukutani haijawahi kudanganya."

Nilirudi nyumbani nimefura. Saa ile huitia ufunguo kitinda mimba wetu, kila Jumapili. Sikumngoja ajieleze. Nilimgombeza mpaka akaacha chai yake mezani ikapoa.

Saa yenyewe ni ya marehemu baba. Ilikaa Mikindani miaka na miaka, karibu na bahari, ikienda sawasawa na redio. Mwezi mmoja na nusu kabla ya mkasa huu niliipandisha huku juu kwa njia ya Nanyamba, nimeipakata garini kama mtoto mchanga. Fundi aliifungua, akapangusa vumbi, akasema haina ugonjwa wowote.

Aliyeujua ugonjwa ni binti yetu wa kidato cha sita, aliyekuwa likizo. "Baba, umemwonea mdogo wangu. Aliyeichelewesha ni mlima."

Akanionyesha ule mkia wa shaba unaobembea, pendulamu. Unarudishwa na uvutano wa dunia, na ukipanda juu uvutano hupungua kidogo, mkia ukabembea polepole. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 600 hivi, saa ya namna hii hupoteza kama sekunde 5 hadi 8 kwa siku. Zidisha kwa siku 45. Dakika nne zangu zimo humo.

Lakini hapo hakuishia, na lililofuata ndilo linaloninyima usingizi hadi leo. Saa yetu ilichelewa, kumbe wakati wenyewe huku juu unakwenda mbio kuliko Mtwara! Saa ya atomu ya Tandahimba ingeitangulia ya Mtwara, kila siku, kwa karibu mafungu 6 ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Albert Einstein alilieleza hilo mwaka 1915: nafasi na wakati vimesukwa pamoja kama ukili wa mkeka, na kitu kizito huupinda mkeka huo. Karibu na uzito, wakati huzorota.

Tulikuwa tumekaa chini ya mkorosho. Bibo moja jekundu likaanguka mchangani, korosho yake ikitangulia. "Hilo halikuvutwa na kamba," binti akasema. "Kikonyo kilikuwa kinalizuia. Kilipoachia, likafuata njia yake iliyonyooka, ila katika mkeka uliopinda njia hiyo inashuka, kule wakati unakokwenda taratibu." Nililiokota nikalitazama kwa muda mrefu.

Ushahidi mmoja wa mkeka huo kupinda ulipita bara letu. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, kivuli kikaikata Afrika kuelekea Ziwa Tanganyika. Katika kisiwa cha Príncipe, mwanafalaki Arthur Eddington alipiga picha za nyota zilizo kando ya jua, na picha hizo, pamoja na zile za Sobral, Brazili, zilionyesha nuru yao imepindishwa. Siku hizi setilaiti zinazoiambia simu yako uko wapi huzunguka kilomita 20,200 juu, na saa zake hutangulia zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kwa siku. Zisiporekebishwa, kosa lingefika kilomita 10 hivi kila siku, na shamba lako ungeonyeshwa kijiji cha wenyewe.

Mama mkwe alipanda basi la saa 3, akafika dua imekwisha. Nimemwomba radhi. Nimemwomba radhi na mwanangu, mbele ya dada yake. Chini ya pendulamu kuna nati ndogo. Kitinda mimba wetu ndiye aliyeizungusha, akafupisha mkia kidogo sana. Jana usiku redio ilipotangaza saa 2, saa ya marehemu baba iligonga pamoja nayo.