Aliyekula Mayai ya Mama Mkwe

Ugomvi wa mayai nyumbani kwetu ulianza mahindi ya vuli yalipokwisha kuingia ndani. Tunakaa nje ya mji wa Muheza, kati ya michungwa na mabaki ya mashamba ya mkonge. Nyumba ni ya matofali na bati, jiko la nje la makuti, na ua unawatosha kuku wa mama mkwe wangu kuzurura watakavyo. Kuku hao ndio akiba yake. Anajua kila mmoja anataga wapi, na kila asubuhi hupita kwenye viota akihesabu kwa sauti. Mayai yakaanza kupungua, kwanza moja moja, halafu kiota kizima kikakutwa kitupu.

Lawama ikamwangukia mtoto wa wifi yangu, anayekaa nasi kwa ajili ya shule. Ni kijana wa kidato cha pili, ana njaa ya umri wake, na bibi yake alishamkuta siku moja akikaanga yai bila ruhusa. Hilo likatosha kuwa ushahidi. "Humu ndani kuna mtu anayauza mayai yangu dukani," mama akasema tukiwa tunakula, bila kumtazama yeyote. Kijana akaacha chakula, akatoka. Mume wangu akamfuata mpwa wake nje, mama akanuna, na tangu hapo salamu za asubuhi zikawa za kulazimishana. Nayaeleza haya kwa sababu watu wakizungumza habari za nyoka huanza na meno na sumu. Kwetu, dhara lake la kwanza lilikuwa mtoto kuitwa mwizi.

Tuhuma zilipomwacha kijana zilikwenda kwa kicheche, kisha kwa nguchiro. Mimi sikukubali. Kicheche akiingia bandani huua, akaacha manyoya na damu. Nguchiro hulibamiza yai mpaka lipasuke, na maganda utayakuta hapo hapo. Viota vyetu vilikuwa safi: majani yamekaa vile vile kuku alivyoyalalia, hakuna ganda, hakuna ute, hakuna hata unyevu. Anayekula yai namna hiyo hulimeza zima. Nilipotaka kumtaja mezani, mama alinyanyua mkono kunizuia. Usiku hatajwi.

Alijitaja mwenyewe. Kuku walipiga kelele usiku wa manane, mume wangu akatoka na tochi, mimi nyuma yake. Alipochuchumaa kwenye kilango cha banda, mwanga ulimkuta nyoka amejikunja juu ya kiota cha kuku mweupe: mwili wa kahawia, kila gamba lina weusi ukingoni. Akainuka, akatanua shingo, nikaiona rangi ya waridi iliyofifia na michirizi myeusi iliyoikatiza. Swila. Sikuyaona mate yakitoka. Nilisikia mlio mfupi wa pumzi, kisha mume wangu akaangusha tochi na kushika uso.

Swila atemaye hatemi kwa kubahatisha. Tundu la jino lake limetazama mbele, si chini, na sumu hutoka kwa nguvu ikaelekezwa usoni. Mita mbili si mbali kwake. Kwenye ngozi isiyo na jeraha haina madhara makubwa. Jichoni huunguza, na ikiachwa inaweza kuchubua kioo cha jicho na kuleta upofu. Tiba ya kwanza ni maji, mengi, tena hapo hapo. Nilimlaza mkekani, kichwa kimeelekea ubavuni, nikampanua kope kwa vidole viwili na kumimina kata baada ya kata. Kope zilikuwa zinajifunga kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Ilibidi nizishike kwa kidole gumba, huku machozi, kamasi na maji vikishuka pamoja shingoni. Alitaka kusugua, mama akamshika mikono yote miwili bila kuiachia. Jirani mmoja akaja mbio na ndimu iliyokatwa, akitaka kumkamulia mume wangu machoni. Mama alimsimamisha mlangoni kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Ndoo ikaisha, tukaingia mtungini. Dakika 15 mpaka 20 za kuosha ndizo zinazohitajika, na dakika hizo ni ndefu mno mtu anapolia mikononi mwako. Kisha bodaboda, hospitali, dawa ya matone. Macho yake yote mawili yanaona.

Kesho yake ua ulijaa washauri. Huyu alisema tuchome mpira wa gari, yule kitunguu saumu, mwingine alikuwa na mganga wa kuzindika nyumba kwa bei ya kuku wawili. Mama aliamini mafuta ya taa. Akayanunua kwa pesa ya mayai yaliyobaki, akayamwaga kuzunguka nyumba nzima, jiko la makuti likiwa na moto hatua chache tu kutoka hapo. Mchicha wangu ukafa wote. Na siku chache baadaye kijana akatuita tukaone kitu kando ya rundo la matofali: gamba la nyoka, limevuliwa zima, hata vigamba vya macho vinaonekana, limelala ndani ya mstari wa mafuta.

Rundo hilo la matofali lilikuwa na historia yake. Mume wangu aliyafyatua kwa ajili ya chumba cha nyongeza, saruji ikapanda bei, na tangu hapo yakakaa nyuma ya jiko yakiota majani. Nilikuwa nimeshaomba yahamishwe mpaka nikachoka. Kila mara jibu lilikuwa kwamba ujenzi unaanza karibuni.

Aliyemaliza ubishi ni babu mmoja jirani yetu, aliyekata mkonge ujana wake wote na kuishi na nyoka tangu enzi hizo. Alipokea shikamoo zetu, akakataa kiti, wala hakutaka kuonyeshwa gamba. "Mahindi mnaweka wapi?" akauliza. Tukamwonyesha magunia yaliyoegemezwa ukutani jikoni. Akalivuta moja. Nyuma yake kulikuwa na mavi ya panya ya kutosha kujaza kikombe, na tundu lililotokeza nje, kwenye matofali. Akaenda bandani, akakuta pumba za kuku za tangu jana yake bado ziko chini. Akainua gogo moja la kuni, panya wakatawanyika. "Huyu hakuwafuata ninyi," akasema. "Amefuata panya. Mayai kayapata njiani."

Kisha akauliza kama tuliwahi kuua nyoka mwingine hapo nyumbani. Kijana akasema ndiyo, wakati wa kiangazi, mdogo wa kahawia, ana mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, mmoja unapita jichoni. Babu akasikitika waziwazi. Huyo ni nyoka wa nyumba, hana sumu, na chakula chake kikubwa ni panya. Hata hivyo hakutuambia tuanze kuwakagua nyoka mistari. Alituambia tusimshike wala tusimsogelee yeyote tusiyemjua, na tumwachie njia ya kutokea. Mama akauliza kuhusu mwenzake, kwamba ukimwua mmoja wa pili huja kulipiza kisasi. Nyoka hawaishi kwa ndoa. Wakati wa kupandana dume hufuata harufu ya jike, ndiyo maana mtu anaweza kukuta wawili mahali pamoja, na hofu ikatunga mengine.

Kazi iliyofuata ilituchosha kuliko nyoka mwenyewe. Mume wangu alikubali matofali yahamishwe, naye akayahamisha kwa mikono yake, amevaa buti za mpira, glavu na miwani ya mchomeleaji, akianzia upande ulioelekea nyumba ili anayejificha atokee upande wa shamba. Na alitokea. Tulipofika tabaka za chini swila aliteleza nje, akashika njia ya mkonge, na babu akakataza mtu yeyote kumkatia. Mahindi yakaingia kwenye mapipa ya bati yenye vifuniko. Kuni zikapandishwa kwenye uchaga. Nyufa za msingi tukaziba kwa saruji, nyasi tukazifyeka mpaka mpakani. Banda la kuku lilileta mvutano: mimi nilitaka liende mbali na nyumba, mama akahofia wezi. Tukapatana libaki karibu, lakini juu ya nguzo, limezungushiwa wavu wa tundu ndogo. Zile nyavu za kawaida za kuku zina matundu ambamo nyoka mwembamba hupita bila taabu, na fundi asiyejua atakufungia hizo.

Panya wakapungua, mayai yakaongezeka, nasi tukapumua. Halafu masika yakaingia. Mvua kubwa hujaza mashimo maji na kuwatoa nyoka nje, hata kwenye ua uliofyekwa. Jioni moja kijana alikwenda chooni na kandambili, simu yenye tochi iko mfukoni, akakanyaga kifutu.

Nyoka wengi husikia kishindo cha miguu kupitia ardhini wakakimbia. Kifutu hakimbii. Mwili wake mnene una rangi ya majani makavu, naye hutegemea hiyo, akatulia mpaka akanyagwe. Ndiyo maana huwauma watu wengi. Jike huzaa watoto hai, 20 mpaka 40 kwa kawaida, na kila mmoja huzaliwa na sumu yake. Kijana alikuja anachechemea, matone mawili ya damu juu ya unyayo, na kabla hatujafika barazani mguu ulikuwa umeshaanza kuvimba.

Hapo washauri walirudi. Mmoja alikuwa na jiwe la nyoka, mwingine kamba, wa tatu wembe. Nilimpenda kila mmoja wao kwa kukimbia gizani kwa ajili ya mtoto wetu, na nilimkatalia kila mmoja. Sumu ya kifutu huozesha nyama. Ukiifungia sehemu moja kwa kamba unaharakisha mguu kupotea. Kuchanja hakutoi sumu, huongeza damu na uchafu. Jiwe halivuti kitu, linakula muda. Tulimlaza, tukakata kamba ya shanga aliyoivaa kifundoni kabla uvimbe haujaikaza, tukafunga ubao pembeni ya mguu kwa kanga ili usipinde, tukamkataza kutembea hata hatua moja. Jirani anayebeba machungwa akaleta kirikuu. Bibi yake akapanda nyuma, akampakata kichwa.

Kituo cha kwanza hakikuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Walitupokea vizuri, wakampa ya maumivu, wakatuambia tuendelee mbele. Hicho kipande cha barabara ya matope kati ya kituo kile na hospitali iliyokuwa nayo ndicho ninachokikumbuka kuliko mengine yote. Hospitalini nesi alichukua damu kidogo, akaiweka kwenye kichupa cha kioo na kukiacha bila kukitikisa kwa dakika 20, aone kama itaganda. Kisha akaanza dripu. Dawa hiyo hutokana na damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo mpaka miili yao ikatengeneza kinga. Ni ghali, nyingi hutaka jokofu, na ndiyo hasa inayoipinga sumu mwilini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengi zaidi hubaki na ulemavu. Mwaka 2017 liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030. Waathirika ni wakulima, wachungaji na watoto wao, watu wa nyumba za aina ya kwetu.

Mguu wa kijana ulipona, ingawa alikosa shule muda mrefu. Siku aliporudi nyumbani bibi yake alimkaangia mayai mwenyewe, akaketi kumtazama akila, akamwomba radhi mbele yetu sote kwa kumwita mwizi.

Nawe unayekaa kijijini, usisubiri usiku wa kirikuu ndipo uulize. Nenda zahanati yako wiki hii, uliza kama wana dawa ya sumu ya nyoka, na kama hawana, uliza hospitali ipi ya karibu inayo. Iandike namba ya simu ya mwenye gari ukutani, mahali ambapo hata mtoto ataiona. Na kwenye mkutano wa kijiji ujao, simama uitake dawa hiyo iwekwe karibu, ijadiliwe, na iandikwe kwenye muhtasari.